Kule nyuma mmefika? Namna watu wa nje wanavyojadiliana kuingia gerezani

Mwaka juzi nilienda na kikundi cha kanisa kupeleka sabuni na miswaki kwenye gereza moja, jina naliacha maana hali hiyo sio ya gereza lile peke yake. Tulifika asubuhi, uwanja umefagiwa mpaka alama za ufagio zinaonekana kwenye mchanga, wafungwa wamekaa chini kwa mistari. Tukaimba nyimbo tatu, mchungaji akasema neno, alafu afande mmoja akauliza kwa sauti mbele ya wote, "kuna mwenye shida?" na wote wakajibu kwa pamoja "hakuna afande". Wakati wa kugawa sabuni kijana mmoja alipokea mche wake kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, akaniuliza kwa sauti ya chini sana, "kule nyuma mmefika?" Nikainua macho, askari yuko hatua mbili, nikasema Mungu akubariki ndugu yangu, mstari ukaendelea.

Kule nyuma hatukufika. Tulipiga picha ya pamoja getini tukarudi Kigoma, na jumapili ikatangazwa kwamba tumetembelea wafungwa na hali yao ni nzuri. Hiyo sentensi imenikaa moyoni tangu siku ile, kwasababu ni uongo ambao hakuna mtu aliyekusudia kuusema.

Ndo nikaanza kufuatilia hawa watu ambao kazi yao hasa ni hiyo, kuingia magerezani na kufika mpaka kule nyuma, wanapataje ruhusa na wanakubaliana nini na serikali. Kwa sisi wa huku sio habari ya mbali. Mtu wa Kigoma ana shangazi Rumonge, mjomba Uvira, shemeji Kalemie, maboti ya Kibirizi yanaenda na kurudi, na ndugu akikamatwa ng'ambo ya ziwa kitu cha kwanza unachopata ni kimya. Alafu unasikia Msalaba Mwekundu walifika kwenye lile gereza, unafurahi, kesho yake unaanza kukasirika, mbona wameona na hawasemi?

Tuanze na sheria, maana watu wengi wanadhani hawa wana kibali cha dunia nzima. Hakuna kitu kama hicho. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ICRC, ile ya Geneva ilioanzishwa 1863, haina askari wala hati ya kuvunja mlango wa mtu. Kuna hali moja tu ambapo haki yao imenyooka kabisa, nayo ni vita ya nchi kwa nchi. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, kifungu cha 126, unasema wajumbe wataenda popote walipowekwa wafungwa wa vita, wataongea nao bila shahidi, na hawapangiwi wakae muda gani wala waje mara ngapi. Nchi inaweza kuwazuia kwa ulazima mkubwa wa kijeshi tu, tena kwa muda. Raia wanaoshikiliwa kwenye vita ya aina hiyo nao wana kifungu chao, cha 143 kwenye Mkataba wa Nne.

Sasa angalia vita vya ukanda wetu, vingi ni serikali na waasi wake. Hapo kinachotumika ni kifungu cha 3 ambacho kiko kwenye mikataba yote minne, na chenyewe kinasema shirika la kibinadamu lisilo na upendeleo "linaweza kutoa huduma zake". Basi. Ni kama hodi, unabisha, mwenye nyumba ana hiari ya kuitika au kunyamaza. Na pale ambapo hakuna vita kabisa, watu wamekamatwa kwenye vurugu za uchaguzi au ni wafungwa wa kawaida, hata hicho kifungu cha 3 hakipo, wanabaki na maelewano. Kwa hiyo sehemu kubwa ya magereza wanayoingia wameingia kwa mdomo, kwa kujadiliana, na ndo maana nasema anayetaka kuielewa hii kazi ayaangalie mazungumzo kwanza.

Ipo njia nyingine iliyotokana na mtu mmoja wa Geneva, Jean-Jacques Gautier, mwanasheria na mtu wa benki, ambae miaka ya 1970 alijiuliza kwa nini tusubiri mpaka watu waumizwe ndo tuanze kuomba, si nchi zikubali mapema kabisa kwamba wakaguzi watakuja. Wazo lake Ulaya walilifanya mkataba mwaka 1987. Umoja wa Mataifa walichukua muda mrefu zaidi, Itifaki ya Hiari ya Mkataba wa Kupinga Mateso ilipitishwa Desemba 2002 na ikaanza kufanya kazi Juni 2006. Nchi ikiingia humo imeshasema ndiyo, Kamati Ndogo ya kuzuia mateso yenye watu 25 inaweza kuja, na nchi yenyewe inatakiwa iwe na chombo chake cha ndani cha kukagua. Majirani zetu wameingia, Kongo 2010, Burundi 2013, Rwanda 2015. Tanzania hatumo. Kwetu mlango uliopo kisheria ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo sheria yake namba 7 ya mwaka 2001 inaipa mamlaka ya kutembelea magereza na mahabusu na kutoa mapendekezo.

Lakini sahihi ya waziri haimfungulii mtu geti. Oktoba 2017 ile Kamati Ndogo ilikatisha ziara yake Rwanda katikati, wakasema wamewekewa vizuizi kufika baadhi ya sehemu, faragha ya mahojiano ina shida na wana hofu waliohojiwa wataadhibiwa. Na asije mtu akasema haya ni mambo ya Afrika, Oktoba 2022 wajumbe haohao walisimamisha ziara Australia kwasababu majimbo mawili, Queensland na New South Wales, yaliwanyima kuingia baadhi ya maeneo, na mwanzoni mwa 2023 wakaifuta kabisa. Nchi tajiri, imesaini, na bado.

Haya, tuje kwenye mazungumzo yenyewe. Yana meza mbili na watu huwa wanaiona moja tu. Meza ya kwanza iko mji mkuu, wizara, idara ya magereza, jeshi, usalama wa taifa maana nao wana sehemu zao za kuwekea watu. Hapo panaandikwa makubaliano. Meza ya pili iko kwa bwana jela mwenyewe, na hii ndo ngumu, kwasababu yeye ndo anajua kule nyuma kuna nini na yeye ndo ataulizwa. Barua ya waziri inaweza kufika na mihuri yote na bado ukaambiwa mwenye funguo ya selo ile kaenda msibani.

Wanachoomba ICRC hakibadiliki toka nchi moja kwenda nyingine, wameking'ang'ania miaka mingi. Wawaone wafungwa wote wanaowahusu na wafike kila sehemu, jikoni, chooni, zahanati, selo za adhabu. Waongee na wanaemtaka, kwa faragha. Waandike majina. Warudi. Ukisoma haraka unaona ni vitu vya kawaida tu, ila kila kimoja hapo kuna mahali kilikosekana na watu wakalipa.

Hiyo ya faragha mi ndo inayonigusa zaidi na nitaeleza kwa mfano unaoumiza. Tarehe 23 Juni 1944 mjumbe wa ICRC, Maurice Rossel, alitembelea Theresienstadt, mji ambao Wanazi walikuwa wamewafungia Wayahudi, leo uko Jamhuri ya Cheki. Kabla hajafika nyumba zilipakwa rangi, maua yakapandwa, pakawekwa mgahawa na uwanja wa watoto kuchezea, na ili msongamano usionekane, mwezi Mei watu karibu 7,500 walipakiwa kwenye treni kupelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji. Siku ya ziara pakachezwa mpira, watu wakiwa wameshafundishwa cha kujibu, na mjumbe hakupata kukaa na mfungwa hata mmoja peke yao. Aliandika ripoti nzuri. Ripoti nzuri! Baada ya hapo treni za kwenda Auschwitz ziliendelea. Kila nikisoma hii namuona yule kijana na mche wake wa sabuni, maana sisi nasi tulionyeshwa uwanja uliofagiwa, tukaenda kutangaza.

Kwa hiyo afisa akisema "tutaweka askari mmoja tu pale mlangoni, kwa usalama wenu", mjumbe anayejua kazi yake hakubali, anashukuru kwa kujaliwa alafu anaomba askari akae anapoweza kuona ila hawezi kusikia. Ikishindikana kabisa anaondoka bila kuhoji mtu. Wengi tungesema si bora angeongea nao hivohivo kuliko kuondoka mikono mitupu, lakini mahojiano mbele ya askari ni hatari kuliko kutohoji, mfungwa akisema ukweli ataumia usiku, akidanganya ule uongo wake utaandikwa kwamba ni hali halisi. Alafu kuna ufundi hapo, hawamchukui mmoja tu, wanaongea na wengi, wazee, vijana, nyapara, aliyeingia jana na aliyekaa miaka kumi, ili hata likitoka jambo isijulikane kalisema nani. Mfungwa akitaka jina lake lisitajwe popote, halitajwi.

Kuandika majina kuna nguvu ambayo kwa haraka haionekani. Mjumbe anaandika jina, amemkuta wapi, tarehe gani, na ziara ijayo anaanza na ile orodha, huyu yuko wapi. Wakisema kahamishwa, kahamishiwa wapi, wanaenda huko kumtafuta. Mtu ambae hajaandikwa popote anaweza kupotea kama jiwe limetupwa ziwani, aliyeandikwa akipotea kuna mtu atakuja na karatasi kuuliza.

Na kurudi. Hapa tuchukue mfano wa hapa hapa Afrika Mashariki. Kenya, hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, Waingereza wakawajaza watu makambini kwa maelfu kwa jina la Mau Mau. Wajumbe wa ICRC walitembelea makambi hayo mwaka 1957, alafu tena 1959. Katikati ya ziara hizo mbili, tarehe 3 Machi 1959 kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa mpaka kufa kwa kukataa kufanya kazi, na taarifa ya kwanza ya serikali ikasema wamekufa baada ya kunywa maji. Ziara moja inamwonyesha mtu gereza la siku hiyo tu. Anayejulikana kwamba atarudi, na hajulikani siku gani, huyo anamfanya askari afikirie mara mbili jumatano usiku wakati hakuna mgeni.

Sasa mtu atauliza serikali inakubali kwa faida gani? Sababu ziko nyingi na sio zote za kujionyesha. Kuna nchi ina askari wake wametekwa upande wa pili na inataka nao watembelewe. Kuna nyingine inataka sifa au misaada. Lakini ipo sababu ambayo mi naiheshimu sana, kwamba bwana jela mwenyewe mara nyingi amezidiwa. Sio yeye aliyewaleta mahabusu, wameletwa na polisi na mahakama, kesi haziendi, karandinga haina mafuta ya kuwapeleka kortini, bajeti ya chakula ni ya watu mia tano na anao elfu moja na mia tano. Yeye akiandika juu hasikilizwi. Daktari wa ICRC akija akapima, akaandika kwamba hapa kuna kifua kikuu na maji yanatosha kwa nusu ya watu tu, hiyo karatasi inafika mezani kwa waziri.

Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ni mfano mkubwa kwa upande huu. Gereza la Gitarama lilijengwa kwa ajili ya watu mia chache, mwaka 1995 walikuwemo karibu 7,000, watu wanasimama mchana na usiku kwenye maji machafu mpaka miguu inaoza na kukatwa. Waliofungwa humo walishtakiwa kwa mauaji ya kutisha, na serikali mpya haikuwa na majaji wala majengo. ICRC wakaleta chakula, maji, dawa, wakasaidia kuongeza nafasi. Wapo waliowalaumu kwamba wanawalisha wauaji. Mi naona walifanya sahihi, aliyehukumiwa na asiyehukumiwa wote wanahitaji maji, na sisi wa mkoa huu tulioona kipindupindu cha Kagunga mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi maelfu kwa maelfu wamejazana ufukweni wakisubiri meli ya Liemba iwachukue, hatuhitaji kuelezwa uhaba wa maji na vyoo unafanya nini kwa watu waliobanana. Ila pampu ya maji ikishafungwa, mlango nao unakuwa umefunguka. Fundi wa maji atarudi kuangalia pampu, na pampu ipo kule nyuma.

Hapa pana mtego, siwezi kuuficha. Ukishakuwa ndo unayelisha gereza serikali inaweza kukuachia mzigo wote, na siku ukitaka kuongea ukali unajua ukifukuzwa watu watalala njaa. Kila baada ya muda wajumbe wanatakiwa kujiuliza kama bado wanasaidia wafungwa au wameshakuwa wanamsaidia anayewafunga.

Tuje kwenye lile linalokasirisha watu, kimya. Makubaliano yenyewe yako hivi, nyinyi mnatufungulia kila mlango, sisi tulichokiona tunawaambia nyinyi tu, kwanza kwa mkuu wa gereza siku hiyohiyo kabla hatujaondoka, alafu kwa maandishi kwa wakubwa wake. Ripoti haiendi gazetini. Haiendi hata mahakamani, Julai 1999 mahakama ya The Hague iliyokuwa inashughulikia Yugoslavia ya zamani ilikataa kumsikiliza shahidi aliyewahi kuwa mkalimani wa ICRC, wakasema hawa hawalazimishwi kutoa ushahidi, na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai nayo ikaweka kinga hiyo kwenye kanuni zake, kanuni ya 73. Sababu ni kwamba kamanda akijua kila mjumbe anayemfungulia leo anaweza kusimama kizimbani kesho kumshuhudia, hatafungua.

Kuvunja kimya kuna bei, kukaa kimya nako kuna bei, na zote zimeshalipwa. Januari 1960 gazeti la Le Monde lilitoa muhtasari wa ripoti ya ICRC kuhusu magereza na makambi ya Wafaransa Algeria, mateso yakajulikana wazi, na ICRC sio waliovujisha. Lakini ziara zilisimama karibu mwaka mzima, kwa hiyo Paris watu wanasoma na kushtuka huku mfungwa wa Algeria hana tena mtu wa kumtembelea. Upande wa pili kuna Abu Ghraib, gereza la Iraq lililokuwa mikononi mwa Wamarekani. Wajumbe waliingia Oktoba 2003, wakaona watu wamevuliwa nguo gizani, wakasimamisha ziara palepale wakadai maelezo, Februari 2004 wakakabidhi ripoti. Dunia ilijua mwishoni mwa Aprili 2004 picha za wafungwa wakinyanyaswa zilipotoka, na ripoti yenyewe ikavuja Mei. Miezi kati ya Oktoba na Aprili wale wajumbe walikuwa wanajua. Sipati picha walikuwa wanalalaje.

Kimya hicho hata hivyo sio cha milele. ICRC wenyewe wanasema watatoka hadharani kama uvunjaji ni mkubwa na unarudiwa, walichokiona wamekiona wenyewe au kinajulikana wazi kutoka kwa watu wa kuaminika, kuongea kwa siri kumeshindikana, na kusema hadharani kutawafaa wafungwa wenyewe. Hilo la mwisho ndo zito, kufaa wafungwa, sio kufaa jina la shirika wala sisi wasomaji wenye hasira. Na serikali ikichomoa kipande kizuri kwenye ripoti ikakitangaza, wana haki ya kuitoa yote. Zaidi ya hapo sio wao peke yao uwanjani, kuna mashirika ya haki za binadamu, waandishi, mawakili, hao kazi yao ni kupiga kelele na tunawahitaji sana. Mi nimefika mahali naona wote wawili ni lazima wawepo, mmoja anapiga kelele nje na mwingine ananyamaza ili abaki ndani, shida ni pale tunapomtaka mmoja afanye kazi zote mbili.

Kuna mama jirani yangu hapa Mwanga, anauza mawese, mwanae alikamatwa ng'ambo zaidi ya mwaka ikapita hajui kama yuko hai. Siku moja kijana wa kujitolea alikuja na barua ya Msalaba Mwekundu, karatasi isiyo na bahasha, maana barua hizi zinapita wazi, askari wa kule anasoma kabla, na hairuhusiwi kuandika kitu zaidi ya habari za kifamilia. Aliniita nimsomee. Ilikuwa na mistari sita. Shikamoo mama, mimi mzima, nasalimia wadogo zangu, niambie kama bibi bado yupo, na yule mbuzi aliyekuwa na mimba alizaa wangapi. Mama akaniambia nirudie hapo kwa mbuzi. Nikarudia. Akacheka mpaka akalia, akasema huyu ni mwanangu kweli, hakuna mwingine anayeweza kuuliza mbuzi.

Tukaandika jibu palepale kwenye meza ya vidumu, mafuta yakadondokea pembeni ya karatasi, kijana akasema haina shida itaenda hivohivo. Mama akamshika mkono hakumwachia, akamuuliza aliyeipokea hii kwa mwanangu alimuona kwa macho? Kijana akasema ndiyo mama, walikaa nae. Wawili tu? Wawili tu. Akanyamaza kidogo, alafu akauliza, "na watarudi kwake lini?"